Barabara Mbili za New Orleans: Iliyofutwa na Iliyojengwa

Simama mbele ya Jackson Square, jijini New Orleans, Marekani, uangalie Mto Mississippi. Mbele yako kuna maji na meli, nyuma yako kuna kanisa kuu la Mtakatifu Louis, na juu yako hakuna kitu. Sasa upe mto mgongo utembee. Utapita mitaa ya roshani za chuma kilichofumwa kama lesi, utavuka Mtaa wa Rampart, utaingia kitongoji cha Tremé, na kabla nusu saa haijaisha utafika mahali ambapo mbingu inakatika. Zege limetanda. Magari usiyoyaona yananguruma kichwani, na chini ni nguzo baada ya nguzo kwenye giza la mchana. Hapo ndipo Barabara ya Claiborne.

Mahali pote pawili, ukingo wa mto ulio wazi na Claiborne iliyofunikwa, paliwahi kuchorwa kwenye ramani moja ya barabara kuu za kupita juu ya nguzo. Ile ya mtoni ilifutwa mwaka 1969. Ile ya Claiborne ilijengwa.

Wanaosimulia kwa haraka husema barabara iliondolewa kwa Wazungu ikatupwa kwa Weusi. Simulizi hiyo inavutia kwa kuwa inatupa mkosaji mmoja wa kumnyooshea kidole, lakini haikuwa hivyo. Hizo zilikuwa barabara mbili tofauti zilizopangwa kipindi kimoja, na miti ya Claiborne ilikatwa mwaka 1966, miaka mitatu kabla ya ile ya mtoni kufutwa. Hakuna aliyehamisha chochote. Serikali ileile, fungu lilelile la fedha na wahandisi wa shule moja walifika sehemu mbili za jiji wakatoka na majibu mawili. Kwangu mimi hilo linatisha zaidi kuliko hila ya mtu mmoja, maana mtu hufa, lakini utaratibu hubaki ofisini ukiendelea kufanya kazi.

Kwa hiyo tuufungue huo utaratibu. Una nyuzi tatu zilizosukwa pamoja: namna barabara kuu zinavyopangwa, namna faida na hasara zinavyogawanywa kati ya jiji na vitongoji vyake vya nje, na namna serikali inavyoamua kipi ni urithi wa kuhifadhiwa.

Tuanze na mchoro. Mwaka 1946 idara ya barabara ya jimbo la Louisiana ilimwajiri Robert Moses, mtu aliyejenga barabara, madaraja na bustani za New York kwa miaka mingi, aipangie New Orleans barabara zake. Ndiye aliyependekeza barabara ya juu ipite ukingoni mwa mto, mbele ya Vieux Carré, yaani mji wa kale ambao mitaa yake ilipimwa na Wafaransa miaka ya 1720. Mpango ule ulikaa kwenye makabati kwa kukosa fedha. Fedha zilikuja mwaka 1956, Rais Eisenhower alipotia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wa kuunganisha majimbo yote, maili 41,000, zaidi ya kilomita 65,000. Serikali kuu ingelipa asilimia 90 ya gharama, na jimbo asilimia 10 tu.

Uwiano huo wa tisa kwa moja ndio ufunguo wa mengi yaliyofuata. Meya yeyote aliyekuwa na barabara mbovu na wafanyabiashara wanaolalamikia foleni aliona kwamba kila dola moja ya nyumbani ingevuta dola tisa kutoka Washington. Lakini dola hizo zilikuwa za barabara kuu peke yake. Hazikuweza kununua tramu, wala kukarabati mtaa, wala kujenga mfereji. Ukimpa mtu nyundo ya bure usishangae kila tatizo la jiji likigeuka msumari.

Halafu kuna hesabu. Mpangaji wa barabara wa enzi ile alikuwa na mizani ya sahani mbili. Sahani moja ni muda unaookolewa na madereva. Tuchukue mfano wa kubuni: magari 50,000 kwa siku, kila moja likiokoa dakika 6. Hizo ni saa 5,000 kwa siku, na saa ina bei. Sahani ya pili ni gharama ya ujenzi na ya ardhi. Ardhi rahisi inaifanya njia ionekane ya busara, na ardhi ghali inaifanya ionekane ya kipumbavu.

Swali ambalo mizani ile haikuuliza ni kwa nini ardhi fulani ilikuwa rahisi. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyodhaniwa kuwa hatari kwa wakopeshaji. Mitaa ya watu Weusi ilipakwa nyekundu mara nyingi kwa sababu tu ni ya watu Weusi. Bila mkopo, nyumba hainunuliki wala haikarabatiwi; isipokarabatiwa, thamani yake inaporomoka. Miaka ishirini baadaye anakuja mhandisi na daftari lake, hana chuki na mtu, anasoma bei ya soko na kuandika kwamba hapa ndipo rahisi pa kupita. Ubaguzi ulikuwa umeshageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu haina rangi.

Claiborne ilikuwa na kishawishi kingine. Ilikuwa barabara pana yenye uwanda mrefu wa nyasi katikati, na uwanda huo ulikuwa tayari mali ya umma. Nguzo zingesimama pale bila kuvunja nyumba nyingi. Kwa mhandisi, hiyo ilikuwa zawadi.

Kwa wenyeji, uwanda ule ulikuwa sebule. Safu za mialoni mikubwa ilitandaza kivuli juu yake, na katika jiji lenye joto la unyevunyevu kama New Orleans kivuli si pambo. Kandokando kulikuwa na maduka ya dawa, ofisi za bima, nyumba za mazishi, washonaji, vinyozi, kumbi: biashara ambazo watu Weusi walizianzisha kwa sababu katika Mtaa wa Canal, mtaa mkuu wa maduka wa jiji, sheria na desturi za ubaguzi ziliwafanya wageni katika jiji lao wenyewe. Siku ya Mardi Gras, sherehe kubwa ya jiji kabla ya Kwaresima, maandamano rasmi ya matajiri yalipita kwingine. Familia za Weusi zilitandika mikeka na kupika chini ya mialoni ya Claiborne, zikisubiri vikundi vyao vya kucheza, vilivyovalia manyoya na shanga, vitokeze. Tremé yenyewe ni miongoni mwa vitongoji vya kale kabisa vya watu Weusi nchini Marekani. Watu huru wa asili ya Kiafrika walinunua viwanja pale wakati utumwa ungali unaendelea. Homer Plessy, fundi viatu aliyekamatwa mwaka 1892 kwa kukaa kwenye behewa la Wazungu, na ambaye kesi yake ilipelekea Mahakama ya Juu kuhalalisha ubaguzi mwaka 1896, aliishi Tremé.

Yote haya hayakuwa na safu kwenye daftari la gharama.

Sasa angalia ramani kwa mbali kidogo, maana barabara ya Claiborne haikujengwa kwa ajili ya Claiborne. Mwaka 1960 jiji la New Orleans lilifikia kilele chake cha watu: 627,525. Baada ya hapo halijawahi kufika tena. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu 383,997. Wakati huohuo eneo jirani la Jefferson, ambalo mwaka 1950 lilikuwa na watu kama 104,000, lilivuka 330,000 mwaka 1970. Daraja refu la Ziwa Pontchartrain lilifunguliwa mwaka 1956, na ng'ambo yake misitu ya misonobari ikaanza kugeuka viwanja. Baada ya mahakama kuamuru shule zichanganywe rangi, familia nyingi za Wazungu zilihama jiji, lakini kazi zao zilibaki katikati ya jiji. Zilihitaji njia ya kuingia asubuhi na kutoka jioni.

Hapo ndipo penye fundo la haki ya kimkoa, yaani haki kati ya jiji na vitongoji vyake vya nje, na ningependa tulikalie kidogo, kwa sababu mara nyingi linaelezwa kama vile ni suala la huruma. Ni suala la hesabu. Faida ya barabara kuu hutawanyika: dakika sita kwa huyu, dakika sita kwa yule, mpaka umbali wa kilomita hamsini. Madhara yake hayatawanyiki. Yanakaa kwenye utepe mmoja wenye upana wa mita mia kadhaa: kelele, moshi, vumbi la matairi, duka lililopoteza wapita njia, nyumba isiyouzika. Tena anayepata faida hulipa kodi yake ya majengo kule anakolala, siyo kule anakopita. Jiji linabaki na mitaa ya kutengeneza, mifereji ya kuzibua na kodi inayopungua, huku likiwa limegawa ardhi yake bure ili watu waweze kuishi nje yake.

Na nani anayeamua? Tangu sheria ya mwaka 1962, kila eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000 halina budi kuwa na mchakato wa pamoja wa kupanga usafiri, jiji na majirani zake, ndipo lipate fedha za barabara. Kwa jina ni jambo jema: barabara haiishii kwenye mpaka wa wilaya. Lakini kwenye vyombo vya namna hiyo viti mara nyingi hugawanywa kwa serikali za mitaa, siyo kwa idadi ya watu, na hakuna kiti cha mtu anayeishi chini ya nguzo. Wanaopita ni wengi kuliko wanaopitiwa. Kura ikipigwa kwa haki kabisa, kila mtu moja, bado Claiborne inashindwa. Demokrasia ya mkoa mzima inaweza kumwonea mtaa mmoja bila kuvunja kanuni hata moja.

Sheria ya mwaka 1956 ilitaka wananchi wasikilizwe barabara inapopita mjini, lakini hoja iliyotajwa ilikuwa athari za kiuchumi. Nani angesimama kikaoni kusema anapenda kivuli? Na kumbuka majira. Mwezi Novemba 1960, msichana wa miaka sita, Ruby Bridges, aliingia shule ya Wazungu New Orleans akisindikizwa na maafisa wa usalama wa serikali kuu huku umati ukimzomea. Sheria ya kulinda haki ya Weusi kupiga kura ilipitishwa mwaka 1965. Watu wa Tremé walikuwa na vita vya kumwingiza mtoto darasani na mzazi kwenye daftari la wapiga kura. Mchoro wa mhandisi ulipita katikati ya vita hivyo karibu kimyakimya.

Turudi mtoni sasa. Vieux Carré ilikuwa na silaha ambazo Tremé haikuwa nazo, na hazikuota usiku mmoja. Mwaka 1936 katiba ya Louisiana ilirekebishwa kuruhusu kuundwa kwa tume ya kulinda mji ule wa kale, na mwaka uliofuata tume ikaanzishwa na jiji. Bila kibali chake mwenye nyumba hawezi kubadilisha hata sura ya mbele ya nyumba yake. Mwezi Desemba 1965 serikali kuu ikaitangaza Vieux Carré kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Halafu ikaja tarehe 15 Oktoba 1966. Siku hiyo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mbili ambazo watu huzichanganya mpaka leo. Ya kwanza ni Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Mambo ya Kale. Hii inaitaka taasisi ya serikali kuu, kabla ya kutoa fedha au kibali, ifikirie athari kwa mahali pa kihistoria na kutoa nafasi ya ushauri. Ikishafikiria na kushauriana inaweza kubomoa. Sheria hii inasema: uliza kwanza. Ya pili ni ile iliyounda Wizara ya Uchukuzi, na ndani yake kuna kifungu cha nne chenye meno makali zaidi. Kinasema barabara ya fedha za serikali kuu isichukue bustani ya umma wala mahali pa kihistoria mpaka ithibitike hakuna njia nyingine inayowezekana na yenye busara, na hata hapo madhara yapunguzwe kwa kila namna. Hiyo inasema: usiguse.

Wapinzani wa barabara ya mtoni, wakiwemo mawakili vijana waliojitolea na watu wenye nyumba, pesa na marafiki kwenye magazeti ya mbali, walizishika sheria hizo kwa mikono miwili. Hawakuwa na kazi rahisi. Meya Victor Schiro aliitaka barabara, na chama cha wafanyabiashara pia. Mabishano yalidumu miaka. Mwezi Julai 1969 Waziri wa Uchukuzi John Volpe, ambaye kabla ya siasa alikuwa mkandarasi, akaifuta.

Ushahidi wa jinsi ilivyokaribia kujengwa upo chini ya ardhi. Mwishoni mwa Mtaa wa Canal, wakati ukumbi mkubwa wa maonyesho wa Rivergate unajengwa, wajenzi walichimba kabisa kipande cha handaki cha barabara ile ili wasije kufumua sakafu baadaye. Ukumbi ulibomolewa miaka ya 1990, kasino ikajengwa juu yake, na handaki bado lipo. Barabara kuu haikuwahi kufika.

Usidhani Volpe aliguswa na uzuri wa Vieux Carré. Waziri huyohuyo ndiye aliyeidhinisha barabara kuu kupita katikati ya bustani ya Overton Park, jijini Memphis, na wananchi wakamshtaki. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa hoja ninayoiona kuwa kiini cha mada hii yote. Bustani, ilisema Mahakama, siku zote itaonekana njia rahisi: ni mali ya umma, hakuna wa kumlipa fidia, hakuna wa kumhamisha. Kwa hiyo ukiruhusu gharama na usumbufu wa watu vipimwe kama kawaida, bustani itashindwa kila mara, na kifungu hakitakuwa na maana. Lazima bustani ipewe uzito wa pekee.

Ni hoja safi. Lakini iangalie kutoka upande wa pili. Ikiwa bustani ina uzito wa pekee na mahali pa kihistoria pana uzito wa pekee, njia iliyobaki ni wapi? Ni kwenye nyumba za watu zisizo bustani wala historia iliyosajiliwa. Sheria haikusema barabara ipite kwa maskini. Ilifunga milango miwili na kuuacha wa tatu wazi.

Hapa lugha yetu inasaidia kuona kitu ambacho Kiingereza kinakificha. Sisi tunasema hifadhi ya mambo ya kale, na tunasema pia hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni na katikati iliyotengwa kwa matumizi ya barabara ya baadaye. Neno moja, na maana zinazokaribia kupigana. Uwanda wa mialoni ya Claiborne kwa macho ya kila aliyekaa pale ulikuwa hifadhi ya kwanza: bustani, ukumbi, kumbukumbu. Kwenye makaratasi ulikuwa hifadhi ya pili. Kifungu cha nne kingelinda bustani, lakini nani aliwahi kuiandikisha sehemu ya katikati ya barabara kuwa bustani?

Na orodha ndiyo kila kitu. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966, kama ilivyoandikwa mwanzoni, ililinda tu mahali palipokuwa tayari kwenye rejista ya taifa. Kipengele cha kulinda pia mahali panapostahili kuingia, hata kama bado hapajaingia, kiliongezwa kwenye sheria mwaka 1976. Kwa watu wa Claiborne kilichelewa miaka kumi. Sheria ya kuwatendea haki wanaohamishwa na miradi ya serikali kuu ilitiwa saini Januari 1971, nayo ikawakuta watu wameshaondoka. Ngao zote za mtu wa kawaida zilifuliwa baada ya mishale kurushwa.

Kuna mtego mwingine, wa kitaalamu zaidi, ambao unaendelea hadi leo. Ili mahali paingie kwenye rejista ya kihistoria panahitaji kwa kawaida umri wa miaka 50, umuhimu, na kitu cha tatu ambacho wataalamu wanakipima kwa makini: uzima wa sura yake. Je, jengo bado lina umbo lake, vifaa vyake, mazingira yake? Sasa chukua mtaa uliopasuliwa na barabara kuu. Mazingira yamekwenda, maduka yamebaki viwanja vitupu, nyumba zimezibwa madirisha kwa kelele. Mtathmini mwaminifu anakuja na fomu yake na kuandika kwamba uzima umepotea. Jeraha lililofanywa na serikali linakuwa sababu ya kumnyima majeruhi dawa ya serikali. Zaidi ya hapo, fomu ilitungwa kwa ajili ya kuta. Mkusanyiko wa Mardi Gras, njia ya mazishi yenye bendi, kona ambapo mzee fulani hushona shanga: hivi vina historia, lakini havina paa la kupimwa.

Mizaha ya sheria haiishi. Barabara kuu zenyewe zilipokaribia kutimiza miaka 50, wahandisi waliingiwa na wasiwasi kwamba kila kiraka cha lami kingehitaji mashauriano ya kihistoria. Mwaka 2005 baraza la ushauri la uhifadhi likautoa mtandao mzima kwenye utaratibu huo, isipokuwa vipande vichache maalumu. Kwa maneno mengine, ilibidi itolewe kauli rasmi ili barabara isihesabiwe kuwa urithi.

Nisiwapambe sana wahifadhi wa Vieux Carré, wala nisiwakandie. Mapema karne ya 20 mji ule wa kale ulionekana uchafu wa kubomolewa: nyumba zimegawanywa vyumba vya kupanga, wahamiaji maskini kutoka Sicily na familia za Weusi zimebanana kwenye majumba yaliyokuwa ya mabwana. Waandishi, wasanii na wanawake wachache wenye uwezo ndio waliobishana kwamba pale pana thamani. Walishinda, na ushindi wao ulipandisha bei. Wale maskini wakaondoka polepole, bila tingatinga hata moja kuonekana. Kwa hiyo jibu jepesi, kwamba Tremé ingetangazwa tu kuwa urithi mapema, nalo lina mwiba. Hifadhi inaweza kuokoa roshani ikampoteza aliyekuwa akikaa juu yake.

Mwiba huo ndio unaowachoma watu wa Claiborne sasa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, jiji lilipoanza kujipanga upya, wazo la kuibomoa barabara ile ya juu lilipata nguvu. Miji mingine ilikuwa imeshajaribu. San Francisco iliibomoa barabara yake ya juu ya Embarcadero baada ya kuharibiwa na tetemeko la mwaka 1989. Seoul iliiondoa iliyofunika mto Cheonggyecheon, na kufikia 2005 maji yalikuwa yanapita tena juani. Mwezi Machi 2021 ikulu ya Marekani iliitaja Claiborne kwa jina katika pendekezo la dola bilioni 20 za kuunganisha tena jamii zilizokatwa na barabara. Sheria iliyopita Novemba mwaka huo ilibakiza bilioni moja kwa miaka mitano, kwa nchi nzima. Jimbo na jiji waliomba dola milioni 47, tena za kukarabati na kuondoa baadhi ya njia za kupandia, siyo kubomoa. Mwaka 2023 walipewa 500,000, za kufanyia mipango.

Mjadala wenyewe haugawanyiki kama mtu wa mbali anavyotarajia. Wapo wanaotaka yote ibomolewe na magari ya safari ndefu yapite barabara ya 610, ambayo tayari inalizunguka eneo lile kwa kaskazini. Wapo wasafirishaji na wakazi wa vitongoji vya mashariki wanaosema ndiyo njia yao ya kazini na ya kukimbilia kimbunga kinapokuja, na wengi wa wakazi hao ni Weusi ambao si matajiri. Haki ya kimkoa hapa inagongana na yenyewe: dakika zao nazo ni za kweli. Na wapo wa Tremé wenyewe wanaouliza ni nani atakayekaa kwenye kivuli cha mialoni mipya. Bila ulinzi wa wapangaji, ardhi ya umma kukabidhiwa wakazi, na kodi ya nyumba kuzuiwa isiruke, nuru itakayoingia baada ya zege kuondoka itakuja na madalali. Mimi naona ibomolewe, lakini mpango wa ardhi utiwe saini kabla ya nyundo ya kwanza. Wakifuata mpangilio wa kawaida, barabara kwanza na watu baadaye, watakuwa wamerudia mwaka 1966 kwa kuelekea upande wa pili.

Kuna pia kundi linalosema jambo gumu kulijibu: kwamba pale chini pameshakuwa pao. Mwaka 2002 wasanii walichora kwenye nguzo za Claiborne sura za watu wa mtaa, na kwenye nguzo za nje wakachora mialoni, shina kwenye zege, matawi yakipanda kuelekea lami. Siku za Jumapili katika msimu wa maandamano, bendi za tarumbeta bado zinapita pale na watu nyuma yao. Wapigaji hupunguza mwendo wakifika chini ya daraja, kwa sababu zege hurudisha sauti, na bendi ya watu kumi inasikika kama ya ishirini.